Siku Kumi na Moja za Lifti

Mtu akimwuliza anakaa wapi, Fundi alikuwa ameshazoea kujibu kwa kuzungukazunguka. Angesema upande wa kaskazini, au karibu na kituo cha mafuta, na akibanwa sana ndipo anautaja mtaa wenyewe, kisha anangoja yule mtu anyamaze. Walinyamaza wote. Wengine walimtazama mikono, kana kwamba kuna kitu ameshika.

Wenyeji wa jiji waliujua mtaa ule kwa kuusoma magazetini. Teksi zilikomea kituo cha mafuta, mwendo wa dakika saba kwa miguu. Vifurushi viliachwa hapohapo. Hata gari la wagonjwa halikuingia mpaka polisi waje kulisindikiza. Mkewe Fundi, ambaye kwao alikuwa karani wa benki na hapa alikuwa anafagia ofisi, aliacha kuandika anwani kwenye barua za kuomba kazi. "Nikiiandika, simu hazirudi," alisema. "Nisipoiandika, wananiuliza nimesahau nini."

Si kwamba mtaa ulisingiziwa kila kitu. Watu waliporwa kweli. Fundi mwenyewe alinyang'anywa simu mara mbili, na mara ya pili mwizi alimfuata kumrudishia, akisikitika, maana ilikuwa mbovu kuliko alivyodhani. Lakini humohumo watu waliamka alfajiri wakaenda kazini, wakaanika nguo, wakagombana kuhusu takataka na kuazimana sufuria.

Kwao Fundi alikuwa mtu wa kutafutwa kwa kazi yake. Miaka kumi na sita alitengeneza lifti za mahoteli na mahospitali, na wakubwa walimpigia simu wenyewe. Alikuja ugenini kwa mkataba mzuri, na kampuni iliyomwita ikafungwa miezi mitano tu baada ya yeye kushuka kwenye ndege. Vyeti vyake vikawa karatasi. Akapata kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali: anashika pembe mbili za shuka bichi, mwenzake anashika pembe nyingine mbili, wanalilisha kwenye rola ya moto, wanachukua jingine. Jioni ncha za vidole vyake zilikuwa hazisikii baridi wala joto. Watoto wao wawili wa kike walibaki kwa bibi yao, wakingoja wazazi wapate makazi ambayo ofisi ya uhamiaji ingeyaita "yanayofaa".

Lililomweka Fundi mjini ni mtihani. Akifaulu mtihani wa leseni ya ufundi wa lifti wa nchi ile, kulikuwa na kampuni iliyosema itamchukua, na kwa kazi hiyo wangehama. Mambo ya nyaya na breki aliyajua hata akiwa usingizini. Shida ilikuwa lugha.

Hapo ndipo alipoingia Bibi wa ghorofa ya tisa. Fundi na mkewe walikaa ya nane. Bibi alikuwa mwenyeji wa jiji, mpiga taipu mstaafu wa mahakama, mjane, mwenye miguu iliyovimba na mpwa mmoja aliyekaa mbali. Alihamia jengo lile likiwa jipya, enzi ambazo watu walivaa vizuri kuja kumtembelea. Kila Jumapili Fundi alimpandishia maji na mboga, naye Bibi alimsomesha kitabu cha mtihani.

"Rudia hapo," angemwambia. "Herufi ya mwisho huitamki, unaimeza. Umekula wewe leo?"

"Bado, Bibi."

"Ndiyo maana unameza herufi."

Wakati huo lifti ya jengo ilikuwa imekufa miezi minne. Mafundi wa kampuni waliokuja mara ya mwisho waliporwa vifaa vyao pale mlangoni, na kampuni ikasema haitatuma mtu tena. Meneja wa jengo alijibu kila barua kwa maneno yaleyale, kwamba jambo linashughulikiwa. Bibi hakuwa ameshuka chini tangu lifti ilipokufa.

"Mimi ni kama sahani ya juu kabisa kabatini," alimwambia Fundi. "Ipo, ila hakuna anayeifikia."

Kisha ikaja barua ya daktari wa moyo. Bibi alitakiwa hospitali Jumanne, na akasema hatakwenda, basi, ngazi zimemshinda. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, huku akitafuta ukurasa wa kitabu. Fundi alishuka kwake akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu.

"Najua unachowaza," mkewe akasema. "Huna leseni, baba watoto. Wakikukamata umeigusa mashine ile, mtihani huufanyi."

"Najua."

"Basi kama unajua, vua viatu ule."

Akavua viatu, akala. Jumapili asubuhi akapanda paani. Kufuli la chumba cha mashine lilifunguliwa na Koti, jamaa wa makamo aliyeshinda mlangoni pa jengo, joto au baridi, ndani ya koti jeusi refu, na ambaye hakuna aliyejua riziki yake inatoka wapi wala aliyetaka kuuliza. Alilifungua haraka kuliko mwenye ufunguo. Fundi akamulika tochi, akakagua kila kitu kwa saa tatu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo, mdogo wa kutia uchungu: breki imekwama kwa kutu, na swichi ya mlango wa ghorofa ya tano imeungua. Akasafisha, akabadilisha, akajaribu kupanda na kushuka mara ishirini akiwa peke yake ndani, maana hakutaka mtu mwingine afe kwa kosa lake. Halafu akaenda kugonga mlango wa Bibi.

Bibi alishuka akiwa amepaka poda. Alikaa kwenye benchi la nje, juani, mpaka adhuhuri, akisalimiana na watu ambao kwa miezi minne alikuwa anawasikia tu. Koti alimsogezea kiboksi cha kuwekea miguu. Jumanne akaenda hospitali, akapangiwa upasuaji baada ya karibu wiki nne. Kwa siku kumi na moja watu walipandisha magodoro, wakashusha makochi, na mwanamke mmoja wa ghorofa ya sita aliyekuwa hajaongea na jirani yake mwaka mzima alikutana naye ndani ya lifti, wakajikuta wanacheka.

Siku ya kumi na mbili alikuja meneja na mkaguzi wa kampuni. Wakazima umeme wa lifti, wakafunga minyororo mipya, wakabandika tangazo: mtambo umeguswa na mtu asiyeruhusiwa, na utabaki umefungwa mpaka ajulikane.

Hakuna aliyemtaja. Koti aliulizwa akajibu kwamba huenda lifti ilipona yenyewe, ilikuwa na mafua tu.

"Nyamaza," mkewe Fundi alimsihi. "Mtihani ni mwisho wa mwezi. Wiki mbili tatu tu. Wafikirie watoto wako."

Fundi alinyamaza siku nne. Siku ya tano alitoka kazini akapitia ofisi ya meneja. Meneja alikuwa mpole, akamkaribisha kiti.

"Nikisema aliyefanya, lifti mtaifungua?" Fundi akauliza. "Kuna mgonjwa juu. Ana tarehe ya upasuaji."

"Ukisaini hapa, uchunguzi unakwisha," meneja akamjibu. "Uchunguzi ukiisha, lifti inaweza kufunguliwa."

Fundi akasaini. Alikuwa amesikia kwamba itafunguliwa. Jioni alimpelekea Bibi nakala, naye akaisoma mara mbili huku kidole kikifuata mstari, kisha akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "karatasi hii ungeniletea mimi kwanza."

Wiki iliyofuata zilikuja barua mbili. Moja ilimfungia Fundi mtihani kwa miaka mitatu. Ya pili iliwaarifu wapangaji kwamba lifti, kwa ajili ya usalama wao, haitatumika tena mpaka jengo lote litakapofanyiwa tathmini, na tarehe ya tathmini haikutajwa. Mkewe aliisoma barua ya kwanza akaikunja vizuri kama anayekunja leso. Hakumlaumu. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Ilikuwa Alhamisi, mchana kweupe, siku mbili kabla ya upasuaji. Fundi alikuwa nyumbani kwa kuwa zamu yake ilianza saa kumi. Alisikia kitu kinagongwa kwenye dari, tatu, tatu, tatu. Akapanda mbio. Bibi alikuwa sakafuni karibu na meza, ameshika kifua, midomo imebadilika rangi. Alikuwa amegonga kwa fimbo yake.

Mkewe Fundi, aliyemfuata nyuma, akapiga simu ya dharura. Wakamwambia gari linakuja. Dakika ishirini zikapita, gari halijaonekana. Akapiga tena, akauliza, akageuka akiwa na simu sikioni.

"Liko kituo cha mafuta. Wanasubiri polisi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka polisi wafike. Ndivyo wanavyosema."

Koti alikuwa ameshapanda, na wanaume wengine wawili. "Basi tumpeleke sisi," akasema. Wakamkalisha Bibi kwenye kiti chake chenye mikono, wakamfunga kwa mikanda yao ya suruali, wakashuka naye, wawili mbele, wawili nyuma, huku mkewe Fundi akitangulia kuondoa baiskeli na mifuko ya taka kwenye kona. Ghorofa ya saba Bibi alifumbua macho. "Msinitikise," alisema polepole. "Mimi si gunia." Ghorofa ya nne alimshika Fundi kifundo cha mkono. Ya pili bado alikuwa anapumua, lakini hakusema kitu tena.

Wakatoka nje wakakimbia. Watu waliokuwa barabarani walipoona ni Bibi wakajiunga, huyu anapokezana kiti, yule anakimbia mbele kusimamisha magari. Walipofika kona ya kituo cha mafuta walikuwa kama watu ishirini, na Koti mbele yao, koti linapepea, anapunga mikono yote miwili.

Fundi aliwaona wahudumu wawili ndani ya gari lile. Aliona mmoja anawatazama, anamgusa mwenzake bega. Akasikia milango inajifunga. Gari likarudi nyuma, likageuka, likatoka mpaka barabara kuu, likasimama mbali, taa zikizunguka.

Akapaza sauti. Alitaka kusema kwamba ni mgonjwa, ni moyo, ni mama mtu mzima. Miezi yote ile Bibi alikuwa amemfundisha maneno, na saa hiyo hakulipata hata moja. Alipiga kelele kwa lugha ya kwao, na wale waliokuwa ndani ya gari hawakusikia ila kelele.

Wakakitua kiti kivulini, kando ya mashine ya kujazia upepo. Mkewe Fundi alipiga magoti, akamlegeza Bibi kola, akamshika mashavu, akamwita. Bibi alikata roho hapo, katikati ya watu waliokuwa wote wanamfahamu. Polisi walifika dakika nane baadaye, na jambo la kwanza walilofanya ni kuwaamuru wanaume walale chini. Fundi akalala, shavu kwenye lami, akiangalia soksi ya Bibi iliyokuwa imeteleza mpaka kisiginoni, na hakuruhusiwa kuinuka aivute.

Kesho yake gazeti liliandika kwamba genge la mtaa ule limevamia gari la wagonjwa likiwa kazini, na kwamba mwanamke mmoja mzee amefariki katika vurugu hizo. Wanaume wengine waliachiwa usiku, lakini Koti hakuachiwa, alikuwa na mambo yake ya zamani, na hili likawekwa juu yake. Fundi alikwenda kituo cha polisi kumtolea ushahidi. Askari aliandika vizuri tu mpaka alipofika kwenye anwani ya shahidi. Hapo akaweka kalamu, akasema watamwita. Hawakumwita.

Mpwa wa Bibi alikuja Jumamosi ya pili. Hakupanda. Alikaa ndani ya gari lake, injini inanguruma, akataja kwa simu vitu anavyovitaka, na Fundi akavishusha kimoja kimoja: albamu, saa ya ukutani, mashine ya taipu, nguo za baridi. Alipokwisha, akasogea kwenye dirisha la gari.

"Nilitaka kukueleza," akasema kwa lugha ya yule mtu, kila herufi mahali pake. "Siku ile tulikuwa tunampeleka. Sisi tulikuwa tunamsaidia."

Mpwa alimtazama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Nimesoma kilichotokea," akasema, akapandisha kioo.

Mwisho wa mwezi uliofuata mkewe alimwambia, akiwa anaosha vyombo, kwamba amekata tiketi. Watoto wanakua bila wao. Mdogo ameshaanza kumwita bibi yake mama. Fundi akamwuliza kama atarudi. Mkewe akasuuza kikombe, akakipindua, akasuuza kingine.

"Nirudi wapi, baba watoto?" akasema. "Hapa?"

Wakakubaliana kwamba Fundi abaki mpaka miaka mitatu iishe, afanye mtihani, halafu waone. Walizungumza kwa upole, kama watu wanaopangana kukutana huku kila mmoja akijua kwamba mwenzake haendi.

Siku ya safari alimbebea masanduku ghorofa zote nane. Kituo cha basi kilikuwa ng'ambo ya kituo cha mafuta. Mkewe alimtengeneza kola, akamwambia asimsindikize mpaka uwanja wa ndege, atachelewa zamu. Basi likaja, akapanda, akapata kiti upande wa pili, upande ambao Fundi hakuweza kumwona.