Fundi Aliyerudi Bila Uzi

Mama Pacha alianza kumtilia shaka mumewe siku aliporudi bila uzi hata mmoja kwenye nguo. Fundi cherehani wa miaka nenda miaka rudi, nyuzi zilikuwa zikimganda kama manyoya. Sasa anarudi msafi, ananukia marashi.

"Kazi vipi?"

"Tunasukuma siku tu," alijibu, macho pembeni.

Tangu duka kubwa lifunguliwe barabara kuu, mtaa ulikuwa umepoa. Muuza viatu ameshafunga. Muuza vyombo anapiga miayo mlangoni. Iweje fundi peke yake anawiri?

"Wifi, mwanaume akianza marashi, jua kuna anayemnusa," dada wa mumewe alimwambia, akacheka hadi machozi. Mama Pacha hakucheka.

Kesho yake alimpelekea mumewe chakula cha mchana kibandani. Kufuli, na vumbi mlangoni. Muuza vyombo wa jirani alijifanya anapanga sufuria zilizokwisha kupangwa.

"Jirani, mwenzangu yuko wapi?"

"Mimi simo, shemeji." Lakini kidevu chake kilielekea duka kubwa.

Basi! Atakuwa na mmoja wa wale wasichana wa kaunta. Mama Pacha aliingia damu ikimchemka, akapita rafu moja baada ya nyingine, hadi kwenye nguo. Mumewe alikuwa pale, ndani ya fulana nyekundu ya duka, anakunja mashati yaliyotoka kiwandani. Msichana alimsimamia.

"Mzee, nyoosha kola. Nikwambie mara ngapi?"

"Samahani, madam."

Ugomvi wote aliokuja nao ulimwishia. Alingoja msichana aondoke.

"Kwa nini hukuniambia?"

Fundi alishtuka, shati likamponyoka. "Ningeanzaje? Wateja wangu wote wanakuja hapa. Wananiomba mimi niwatafutie saizi."

"Na marashi?"

"Tunapulizwa mlangoni. Eti tusinuke jasho."

Alipopata mapumziko walikaa ukutani nje, kando ya magari. Mama Pacha alifunua chakula, wasiwasi bado haujamtoka.

"Na cherehani?"

Fundi akatafuna taratibu mno.

"Baba Pacha, cherehani iko wapi?"

"Alipita mnunuzi wa vyuma chakavu." Akageuza uso kwenye magari. "Nilitaka nikwambie."

Mama Pacha alitazama vidole vya mumewe, vile vilivyoshona gauni lake la harusi. Akamsogezea bakuli.

"Kula," alisema. "Wasije wakakuita hujashiba."