Recho Ametulia

Watu walimpongeza Edina kwa namna binti yake alivyobadilika. Walimpongeza bombani, walimpongeza ufukweni akianika usipa, dagaa wa ziwa lao, na Jumapili wakitoka kanisani wanawake walimshika mkono wakisema, "Mungu ana njia zake, mama Recho. Mtoto ametulia kweli kweli." Edina alijibu ahsante, akashika njia ya nyumbani haraka.

Recho alikuwa na miaka tisa. Mwezi wa tatu aliteleza kwenye jiwe kubwa ambalo watoto hurukia ziwani, kusini kidogo ya Mbamba Bay, akaangukia kichwa kwenye mwamba wa chini. Siku kumi na moja hakufumbua macho. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali alitembea, alikula, aliwataja wote kwa majina. Baba yake, Hamphrey, ambaye hakuwa ameingia ziwani kuvua tangu siku ile, alipiga magoti mlangoni akalia kwa furaha.

Kabla ya hapo hapakuwa na mtoto msumbufu kama yeye kijijini. Aliiba usipa kwenye chanja, akala ungali haujakauka. Alimwigiza padri anavyokohoa kabla ya mahubiri, hata wazee wakaziba midomo kuficha vicheko. Ukimtuma dukani alikuuliza kwa nini yeye, kwa nini sasa, kwa nini chumvi. Ukimkataza kuogelea, alirudi nywele zimelowa chapachapa na kuapa kwamba ni jasho. Edina alimchapa mpaka akachoka kuchapa. Mwaka jana, kwenye kikao cha umoja wa akina mama kanisani, alisimama mbele ya wenzake akawaomba wamwombee mtoto huyo apate utulivu. Wakainamisha vichwa, wakaomba. Baada ya ajali hakuna aliyemkumbusha maombi yale, naye hakuyataja kwa mtu.

Sasa Recho alikaa pale alipowekwa. Akipewa karanga za kubangua, alibangua mpaka aambiwe basi. Asipoambiwa ale, chakula kilipoa mbele yake. Hakulia, hakucheka, hakuuliza kitu. Rafiki yake Glorious alikuja kumwita wakacheze siku tatu mfululizo. Siku ya nne hakuja.

Mama mkwe wake Edina, Bibi Gertrude, ndiye aliyefurahi kupita wote. "Huyu sasa ndiye mtoto," alisema. "Yule wa kwanza angekuua kwa presha."

Mwezi wa kumi, asubuhi, Edina alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga makopa ya muhogo. Akasikia ukelele. Alipofika jikoni alimkuta Adrian, mdogo wake Recho wa miaka miwili, mkono umezama kwenye sufuria ya uji uliotoka motoni. Recho alikuwa amekaa kwenye kigoda, hatua moja tu kutoka pale, mikono juu ya mapaja, akiangalia.

Edina alimwagia mtoto maji, akamfunga kanga, ndipo akageuka.

"Recho! Ulimwona anakwenda kwenye sufuria?"

"Nilimwona."

"Mbona hukuniita?"

Recho alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta jibu sahihi darasani.

"Hukuniambia nikuite."

Hapakuwa na ubishi hata chembe katika sauti yake. Edina angetoa chochote kuusikia ubishi ule wa zamani.

Mganga wa zahanati aliyemfunga Adrian bendeji ndiye aliyesikiliza habari hiyo mpaka mwisho bila kusema Mungu ana njia zake. Aliandika barua ya rufaa. Wiki iliyofuata Edina na Recho walipanda basi la alfajiri kwenda Mbinga, wakapandisha milima hadi kwenye kahawa iliyochanua na baridi ya kutetemesha. Recho alitetemeka njia nzima bila kusema anasikia baridi, mpaka mama yake alipomgusa mkono.

Aliyewapokea hospitalini alikuwa Erasmo, mtaalamu wa afya ya akili, kijana mpole aliyevaa sweta la mkono mrefu.

"Nitakuuliza maswali, mama, na kila swali unanijibu mara mbili," alisema. "Alivyokuwa kabla ya kuanguka, na alivyo sasa. Sifuri ni kamwe, moja ni mara chache, mbili ni mara nyingi. Anabishana na wakubwa?"

"Zamani, mara nyingi. Sasa kamwe."

"Anachukua vitu bila ruhusa?"

"Zamani mara nyingi. Sasa kamwe."

"Anakasirika haraka? Anadanganya? Hatulii mahali pamoja?"

Majibu yakawa karibu yale yale mpaka mwisho wa karatasi. Erasmo alijumlisha, akajumlisha tena. Zamani thelathini na moja. Sasa tano. Akaweka kalamu chini.

"Kwa karatasi hii alama zikipungua ndiyo nafuu," alisema taratibu. "Ukiifuata, mtoto huyu ni mzima kuliko alivyokuwa kabla ya kuumia. Siikubali. Imetungwa kuuliza yale yanayosumbua watu wengine."

Akaweka mezani mpira, karatasi na penseli za rangi, kisha akajifanya anaandika. Dakika kumi zikapita. Recho hakugusa kitu. Aliangalia ukuta.

"Recho, ungependa kufanya nini?"

"Sijui."

"Ukikaa peke yako unawaza nini?"

"Hakuna."

Erasmo alimweleza Edina kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo imeumia. Nguvu za mwili zipo na akili ya kuelewa ipo, lakini kile kinachomwamsha mtu atake jambo, alianze mwenyewe, ndicho kilichozimika.

"Kitarudi?"

"Wengine hurudi kidogo. Imeshapita miezi saba, mama. Sitaki kukudanganya."

Akageuza karatasi upande mtupu. "Niambie alikuwa mtoto wa namna gani. Makosa yake yaache. Nataka kumjua yeye."

Edina akafungua kinywa. "Alikuwa mkaidi," akasema. "Alikuwa mbishi. Alikuwa hasikii." Akatafuta. Alijua idadi ya fimbo alizomchapa kwa ajili ya kuogelea, lakini hakuwahi kumuuliza huko majini alikuwa anafuata nini. Miaka tisa ya mtoto, na kichwani mwake yalikuwa mashtaka matupu.

"Niliomba awe hivi," alisema hatimaye. "Nilisimama kanisani nikaomba."

"Jiwe ndilo lililomuumiza, mama. Siyo maombi."

Edina aliitikia kwa kichwa. Maneno aliyasikia vizuri, ila hayakumfikia mahali panapouma. Recho alikuwa bado anaangalia ukuta.

Nyumbani Hamphrey aliuliza dawa iko wapi. Aliposikia hakuna dawa, na kwamba warudi mwezi wa kwanza, alikunja uso. "Wenzako wana watoto wanaovunja milango. Wewe umepewa mtulivu, unamtafutia ugonjwa. Mwache."

Mwezi wa kumi na mbili shule ilifunga. Wazazi walikaa kwenye madawati uwanjani, na Mwalimu Joakim akasoma majina ya wanaopewa zawadi. Zawadi ya nidhamu kwa shule nzima: Recho Hamphrey. Bibi Gertrude alipiga vigelegele, wanawake wa kanisani wakavipokea.

Recho alisukumwa na wenzake mpaka mbele. Akapewa madaftari, akayashika. Mwalimu akaita jina jingine, na jingine tena, na Recho akaendelea kusimama pale pale juani, watoto wakipita kushoto na kulia kwake. Watu wakacheka kwa upendo. "Tazama adabu hiyo," mmoja alisema.

Edina aliinuka akaenda mbele. Alimwinamia sikioni. "Njoo tukakae."

Recho akaja.

Mwalimu Joakim alinyoosha mkono. "Hongera, mama Recho. Hii ni kazi yako."

"Ahsante, mwalimu," Edina alisema, akamshika mwanawe mkono, wakarudi kukaa.