Mgeni wa Mama kutoka Kitabuni

Jeltje Nauta alikuwa akimwaga maji ya viazi kwenye sinki, mvuke umeziba dirisha lote la jikoni, pale Mirte alipogonga mlango wa nyuma. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, wakati ambao katika kijiji kile cha Friesland mtu mwenye adabu hagongi mlango wa mwenzake, kwa kuwa kila nyumba watu wanakula, na viazi vimepikwa kwa idadi ya vinywa. Majirani waliowahi kukosea saa hiyo, Jeltje aliwaambia kwa upole warudi baadaye. Mirte hakuambiwa arudi. Jeltje alimtambua mara moja: jino la mbele lililomeguka, koti la mvua la bluu lisilo na kifungo cha juu, nywele zilizolowa upande mmoja tu. Vyote viliandikwa hivyohivyo.

"Pita ndani, mwanangu," alisema. "Baiskeli umeiacha wapi?"

Mirte alisema ameiegemeza kwenye banda. Jeltje akatoa sahani ya nne. Madonge ya nyama ya kusaga yalikuwa matatu, basi akachukua la binti yake Fenna, akalikata katikati, nusu akamwekea mgeni.

Fenna, aliyekuwa na miaka kumi na saba, aliitazama nusu iliyobaki kwenye sahani yake. Baba yake, Wiebe, dereva wa lori linalokusanya maziwa mashambani, alimpa mgeni mkono na kumuuliza kama upepo ulikuwa mkali kule juu ya tuta la bahari. Mirte alisema ulikuwa mkali. Wakala.

Mirte alitoka katika riwaya ya vijana ambayo akina mama wa kijiji, wanaokutana kila mwezi maktabani kuzungumzia vitabu, walikuwa wameisoma majira yale ya baridi. Kilikuwa kitabu chembamba chenye jalada la manjano, kuhusu msichana anayempenda msichana mwenzake wa shule, jina lake Sanne, na anavyohangaika kumwambia mama yake mpaka anamwambia. Jeltje alikisoma, akakirudia. Alilia hata kazini kwake, kwenye kliniki ya meno alikokuwa msaidizi, mpaka mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti akadhani kinywani mwake kumeonekana jambo baya.

Aliyekipendekeza kitabu hicho ni Fenna. Alimwendea mkutubi kimyakimya akamwambia akina mama wanatafuta kitu kifupi. Alikuwa na sababu yake. Wakati majani yanaanza kupukutika, wakirudi kutoka kwa shangazi, wawili tu garini na mvua inanyesha, Fenna alimwambia mama yake kwamba Rinske, yule msichana wa kijiji cha pili anayekuja kumsaidia hisabati, haji kwa ajili ya hisabati. Alisema wanapendana. Jeltje alitazama kioo akasema lile lori la nyuma yao taa yake moja imekufa. Walipofika nyumbani, kabla hajazima gari, aliongeza kwamba bibi asiambiwe, moyo wake si wa kuchezewa. Baada ya hapo jambo lile halikutajwa tena. Fenna alingoja, akachoka kungoja, ndipo akaona labda mama yake ni mtu wa kuelewa kwa kusoma.

Na kweli Jeltje alielewa. Jioni ile ya kwanza, baada ya kula, Mirte alichukua kitambaa akaanza kukausha vyombo, kwa sababu katika sura ya saba alikuwa akikausha vyombo, akasema: "Mama, mtu ninayempenda ni Sanne. Nimejichunguza sana, na sijakosea." Jeltje akaiacha sufuria izame kwenye povu, akamkumbatia kwa mikono yenye maji. "Mwanangu," akasema, "kumbe ulikuwa umelibeba hili peke yako?" Yalikuwa maneno ya mama wa kitabuni, lakini aliyasema kama yake. Fenna alikuwa amesimama nyuma yao na kifuniko cha sufuria mkononi, akingoja apishwe.

Mirte alirudi kesho yake, na jioni zote zilizofuata. Alikausha vyombo, akasema maneno yake, akakumbatiwa, na kila jioni machozi ya Jeltje yalikuwa mapya. Kwa kipindi fulani Fenna aliendelea kula nusu ya donge, kisha Jeltje akazoea kununua nyama ya watu wanne. Chooni, ambako watu wa huko hutundika kalenda ya siku za kuzaliwa za jamaa wote, jina la Mirte liliandikwa kwa kalamu nzuri, juu kidogo ya la Fenna.

Wivu ulimwanza Fenna kama jino bovu: kwanza ubaridi tu anapokunywa kitu, baadaye hata asipokunywa. Alianza kufuatilia mikono ya mama yake, inatua wapi na inakaa muda gani. Alichukia jinsi Mirte alivyopuliza chai kabla ya kuinywa, jambo ambalo alipolisoma kitabuni lilimpendeza mpaka akalipigia mstari. Alichukia kwamba Mirte hakuwa mbaya. Angekuwa na kiburi, au mchafu, au mwizi, ingekuwa nafuu. Mirte alikuwa msichana wa kawaida aliyesema asante.

Jumapili moja bibi alikuja kunywa kahawa, na Mirte akamwambia yote, kuhusu yeye na Sanne. Bibi aliuliza kama Sanne ni mtoto wa watu wa mjini, akaahidi kuwafumia soksi wote wawili. Moyo wake haukuonyesha tatizo lolote. Fenna alimfuata mama yake ukumbini, akamuuliza mbona habari za Mirte bibi anaweza kuzisikia.

"Ya Mirte ni mambo mengine," Jeltje alisema.

"Mengine vipi?"

"Usianze, Fenna. Tuna mgeni."

Rinske alipopata habari, alitaka kumwona kwa macho yake. Alikuwa msichana mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, siku za soko akiuza jibini na mjomba wake. Bandani, wakati wanafunga baiskeli, alichungulia dirisha la jikoni.

"Ndiye huyu mke mwenzio?"

"Usicheke, Rinske."

"Sicheki. Mbona wa kawaida tu. Mimi nilijua nitakuta malaika."

Walikaa mezani watano. Jeltje alikuwa na furaha siku hiyo. Alimtazama Rinske, akamtazama Mirte, akasema ni jambo la kusikitisha kwamba Sanne haji huku, msichana mzuri kama Mirte anakaa mpweke. "Lakini nyinyi wawili," akasema, "mngependezana."

Rinske alitafuna akameza. "Mimi nina wangu, mama," alisema, akauweka mkono wake juu ya mkono wa Fenna, pale mezani, katikati ya chumvi na bakuli la mchuzi. "Ndiye huyu."

Wiebe aliutazama ule mkono, kisha akaendelea kuponda viazi vyake. Jeltje aliuliza nani anataka kastadi. Mirte alisema yeye anataka, akapewa.

Fenna alimsindikiza Rinske kwa baiskeli mpaka kwenye tuta, ambako kondoo walikuwa wamelala njiani na hawakutaka kuondoka. Njia nzima Fenna alizungumza: umeona alivyopewa kastadi ya kwanza, umeona mama alivyomrekebisha kola. Rinske alishuka kwenye baiskeli.

"Sikiliza. Mimi simwonei wivu mtu wa karatasi," alisema. "Ila ukiwa kwenu unamtazama yeye, ukija kwetu unamzungumzia yeye. Sasa mimi niko wapi?"

Fenna alijibu vibaya. Alisema Rinske hawezi kuelewa, kwa kuwa mama yake Rinske alipoambiwa aliuliza tu kama huyo Fenna anakula samaki. Rinske akasema basi, Fenna akili zikimrudia ampigie simu. Akawapita kondoo akaenda zake.

Wiki ile Fenna hakupiga simu. Siku ya mwisho ya wiki Fenna aliamua. Baada ya kula alimwahi Mirte kwenye kitambaa. Alichukua sufuria kubwa, akaikausha polepole, akasema: "Mama, mtu ninayempenda ni Rinske. Nimejichunguza sana, na sijakosea."

Jeltje aliendelea kusugua sahani. Mirte, kando ya friji, alisogea nusu hatua, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na mwingine.

"Hayo maneno ni ya Mirte," Jeltje alisema. Hakukasirika. "Mwenzio ameyatafuta kurasa tisini nzima. Wewe umeyaokota tu."

Fenna aliitundika sufuria mahali pake. Aliposhuka ngazi za nyuma kwenda bandani, alimsikia Mirte akianza, na mama yake akiiachia sahani izame majini.

Mirte alimkuta huko baadaye, amekaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Fenna alimwambia arudi kwao. Hakupaza sauti. Alisema amemchukulia nyama, bibi na siku ya kuzaliwa, na sasa hata maneno yakisemwa na mwingine yanahesabiwa kuwa yake. Mirte alisikiliza mpaka mwisho, kwani alikuwa msikivu, ndivyo alivyoandikwa. Akasema kwao hakuna. Baada ya ukurasa wa mwisho kuna ukurasa mweupe, halafu jalada.

"Na mimi nakuonea wivu," alisema.

"Wewe? Una nini cha kunionea?"

"Sanne ananibusu kituo cha basi, kitabu kinaisha. Hajawahi kunikasirikia. Hajawahi kusema akili zikinirudia nimpigie simu."

Fenna alimuuliza nani amemwambia habari hizo. Mirte akasema kondoo hawana siri. Fenna alimtafutia huruma moyoni na hakuipata, akaacha kuitafuta.

"Mama yangu amekupenda wewe," alisema. "Mimi ndiye niliyekuleta."

"Mimi anajua ninavyoisha," Mirte alisema. "Wewe hajui. Anaogopa."

"Si angeuliza."

Mirte alifikiri, lakini kwa hilo hakuwa ameandikiwa jibu. Alifunga vifungo vya koti lake, vile alivyokuwa navyo, akaenda kuagana na Jeltje.

Fenna alipanda baiskeli akaenda kwa akina Rinske. Akapewa samaki, akala. Jioni nzima hakumtaja Mirte hata mara moja, na Rinske, aliyekuwa akimchungulia kwa jicho la pembeni, mwishowe akamsukumia bakuli la viazi.

Mwezi wa nane wawili hao walipata chumba Groningen, karibu na chuo. Wiebe alikifunga kitanda cha Fenna kwenye tela. Jeltje aliwaaga mlangoni, mkono wake ukiwa begani kwa Mirte, akamwambia Fenna ale mboga, na amsalimie yule rafiki yake. Alilia kidogo. Mirte alimpa leso.

Wiebe aliendesha mpaka mashamba yakaisha, ndipo akauliza chumba cha Rinske kiko ghorofa ya ngapi. Fenna alisema ni chumba kimoja. Wiebe alisimama kwenye taa nyekundu ya kwanza ya mjini.

"Basi hiki kitanda chembamba," alisema. Taa ikaruhusu, akaondoa gari.

Jeltje alipiga simu mwezi wa tisa, Jumamosi mchana. Fenna alipokea akiwa amejilaza, Rinske ameweka kichwa tumboni kwake akimenya chungwa. Jeltje alisema Mirte sasa analala kulekule, kwenye chumba cha Fenna, maana jioni zimeanza kuwa na baridi na si vizuri msichana kupanda baiskeli gizani. Alitaka kukipaka rangi chumba hicho. Shida ni kwamba kitabu kimepekuliwa mwanzo hadi mwisho na hakisemi Mirte anapenda rangi gani, na mwenyewe akiulizwa anatabasamu tu.

"Wasichana kama yeye hupenda rangi gani?" Jeltje aliuliza. "Wewe unawajua kuliko mimi."

Rinske aliacha kumenya. Fenna alitazama dari. Alikiona chumba chake vizuri kabisa, dirisha linalotazama shamba la jirani Dijkstra, kuta za rangi ya krimu ambazo miaka yote aliomba zibadilishwe akaambiwa krimu haichafuki upesi. Akamwona na mtu aliyelala humo.

"Kijani," alisema. "Kisikolee sana, kama majani ya mwezi wa tano. Dari muiache nyeupe. Na mlango mpake pande zote mbili, upande wa ndani usisahaulike."

"Nilijua utajua tu," Jeltje alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Atafurahi huyo."

Akauliza kama wanakula mboga, akasema mkebe wa rangi ni bora ununuliwe kabla duka halijafungwa, akakata simu. Jumatatu alichukua likizo ya siku moja kliniki, akakipaka chumba mwenyewe, tabaka mbili, mlango pande zote, na Mirte alimshikia ngazi.