Waya wa Oliva Kwenye Gunia la Maharage

Bibi Lidwina alirudi kwenye benchi lake kanisani, akaketi, na mkono ukamwendea kiunoni, pale anapochomeka leso yake siku zote. Leso haikuwepo. Akapapasa upande wa pili. Hamna. Akainama kutazama miguuni pa Oliva, mjukuu wake. Hamna.

Ndani ya leso ile mlikuwa na waya wa meno wa Oliva.

Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa. Meno yake mawili ya mbele, yale ya juu, yalikuwa yameota yakielekea ndani, hata akifunga mdomo ya chini yanayafunika. Majirani wa hapo kwao Mshangano walisema ni umbo tu la ukoo. Lidwina hakuridhika. Alikuwa akimtazama anavyotafuna muhindi wa kuchoma kwa pembeni kama kikongwe, akampeleka mjini kwa daktari wa meno, dada mmoja mpole.

"Umemleta wakati mzuri, Bibi," daktari alisema. "Mfupa wake bado mlaini, jino likisukumwa linasikia. Ungengoja awe mkubwa, ingekuwa kazi nyingine kabisa."

Kipimo cha kinywa chake kikapelekwa Mbeya kutengenezewa waya, wakangoja mpaka Lidwina akaona haya kuuliza tena. Hatimaye kikaja kitu chepesi cha plastiki chenye vijiwaya, cha kukaa juu kwenye kaakaa. Avae usiku na mchana, avue wakati wa kula tu. Kisipotee, maana meno yataanza kurudi yalikotoka, na kutengeneza kingine ni kungoja upya.

Maneno hayo Lidwina aliyashika kama katekisimu. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hakumuuliza daktari, kwa kuwa aliona si la daktari. Anayekwenda kupokea Komunyo hufunga, kinywani hakiingii kitu. Sasa plastiki je? Mwili wa Bwana ukakutane na waya? Basi kila Jumapili, mlangoni mwa kanisa, alimvua Oliva ule waya, akaufungia kwenye leso, akachomeka kiunoni.

Leo ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mikono yote miwili ilikuwa na kikapu cha maharage, basi leso akaitupia humo humo juu, aichukue akishaketi. Hakuichukua. Vigelegele vilianza, msafara wa matoleo ukasogea, naye akaenda akicheza kama wenzake. Mbele kule wapokeaji wakamwaga kikapu chake kwenye gunia la wote, wakamrudishia kitupu.

"Bibi, una nini?" Oliva akanong'ona.

"Sali."

Yeye mwenyewe hakusali. Alianza Baba Yetu akajikuta kwenye Salamu Maria. Padre alipoinua Hostia, macho ya Lidwina yalikuwa kwenye gunia lililoegemezwa ukutani. Na kilichokwisha kutolewa altareni unakidai vipi? Tangu azaliwe hajasikia mtu aliyemwendea Mungu akamwambia nirudishie kidogo.

Misa ilipokwisha, matoleo yakatolewa nje kwa mnada. Mnadi alikuwa Kajetani, katekista, mtu wa maneno.

"Maharage haya yamebarikiwa, jamani! Yanaiva bila magadi! Nani anaongeza?"

Lidwina alikuwa bado amebanwa mlangoni na umati. Alipochomoka, gunia lilikuwa limekwisha kununuliwa na Pankrasi mwenye duka, naye alikuwa analifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki.

"Pankrasi! Mwanangu, ngoja!"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, ngoja kwanza. Humo ndani kuna meno."

"Kuna nini?"

Kajetani alikwisha kusikia. "Ndugu zangu, mnada urudi! Maharage yana meno, yatajitafuna yenyewe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Lidwina hakucheka.

"Ni waya wa mtoto," alimwambia Pankrasi. "Cheka, ukimaliza nimwagie hapa."

"Kwenye vumbi, Bibi? Nitayaokotaje?"

Lidwina akafungua kitenge cha juu, kile cha sherehe za akina mama, akakitandaza chini bila kutazama nani anamwona. Pankrasi akamwaga. Maharage ya kila nyumba yalishuka, mekundu, ya madoa, ya njano, na gunia lilikuwa linakaribia kuisha wakati leso ilipoanguka. Fundo halikulegea. Lidwina akalifungua kwa meno. Waya ulikuwa mzima.

Padre Valence alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama, ulimvua kwa nini?"

"Kufunga, Padre. Akapokee kinywa kitupu."

"Tunafunga chakula na kinywaji. Huo ni kama jino lake. Ningeanza kuvua watu vya kinywani, huyu mnadi wetu angepokea kwa ufizi mtupu."

Kajetani akafumba mdomo ghafla, akafunika kwa mkono meno yake ya bandia. Safari hii uwanja ulimcheka yeye.

Lidwina aliusuuza waya bombani, mara ya kwanza, mara ya pili, akamvisha Oliva.

"Unabana, Bibi."

"Ubane tu. Ndiyo kazi yake."

Wakaondoka. Hawajafika hata barabarani, akageuka. "Upo?"

"Upo."

Hatua chache tena. "Fungua nione." Oliva akaachama, Lidwina akachungulia, akaridhika kidogo.

"Bibi," mtoto akasema, ulimi ukigonga plastiki, "mimi niliiona leso ikiingia kwenye gunia."

Lidwina akasimama. "Uliiona? Ukanyamaza?"

"Nilitaka kukwambia, ukasema nisali."

Lidwina alimtazama mtoto machoni, kisha mdomoni.

"Fungua tena nione," akasema.