Kaburi la Mayala na Vipimo Thelathini

Mimi Revocatus nimepima ardhi miaka ishirini na mitano, na sipendi kufundishwa kazi na mtu aliyeajiriwa juzi. Lakini mwaka 1997, kule Mkolani, msaidizi wangu mpya Dorotea alinifundisha.

Mjane Bernadeta alikuwa amemzika mumewe, Mayala, pembeni mwa kiwanja chake. Kiwanja jirani kilinunuliwa na kampuni iliyotaka kujenga ghala, na jiwe la mpaka halikuonekana. Kaburi likiangukia kwao, lingehamishwa.

Tulisimamisha kipokezi cha setilaiti kando ya mwamba mrefu kuliko nyumba, tukachukua vipimo thelathini vya mahali pale pale. Nikavijumlisha, nikagawanya kwa thelathini, nikapima kwa utepe kufuata ramani ya zamani. Mpaka ukapita upande wa Bernadeta, kaburi likabaki kwa kampuni. Bernadeta aliketi chini.

"Mzee, vipimo sita vimeruka karibu mita kumi," Dorotea akasema. "Mawimbi ya setilaiti yamedunda kwenye mwamba kabla ya kutufikia. Hivyo sita vimeuvuta wastani mita mbili."

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza!" nikafoka. "Au unachagua vinavyomfaa mjane?"

"Kwetu Ukerewe aliyeoza tunamtoa, mzee, wengine tunakula. Na sichagui mimi. Naanzia katikati ya vipimo vyote. Kinachokaa mbali na wenzake nakipunguzia sauti, kihesabike kidogo kwenye wastani, kisha natafuta katikati upya."

Akaegemea boneti ya Land Rover na kikokotoo chake kilichofungwa kwa mpira. Hakutazama kaburi hata mara moja. Kila alipomaliza alianza tena, na vile sita vikazidi kunyamaza vyenyewe. Mara ya saba jibu halikusogea. Nilimwonea wivu, nasema kweli, halafu wivu ukaisha nikabaki kumtazama tu, maana kazi safi namna ile sikuwahi kuiona, hata kwa walionifundisha.

Nikachimba kwanza mahali pa wastani wangu, kwa ubishi. Changarawe tupu. Nikasogea mita mbili, ng'ambo ya kaburi, mahali pa Dorotea. Chini ya futi moja sururu ikagota kwenye zege, na katikati ya zege kulikuwa na chuma cha mpaka, kimeliwa na kutu.

Bernadeta akainuka, akajipangusa vumbi.

"Basi Mayala yuko kwake," akasema, akainama kung'oa magugu kaburini.