Finjani ya Kujaa

Mzee Aws aliiweka finjani mezani bila kuionja, na Kheiria akajua kikao kimeingia mchanga.

Walikuwa ofisi ya serikali, mjini Al Khuwair, kiyoyozi kinawagandisha wazee wanne wa milimani, juu ya mji wa Qurayyat. Serikali inalitaka bonde lao kwa hoteli. Bondeni mna makaburi yao, na sheria inasema wenyeji washauriwe kwanza. Basi waliitwa washauriwe, ramani ikiwa imeshapigwa muhuri.

"Mbona hanywi huyu?" aliuliza Muatasim, bosi wa Kheiria, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, wazee wasielewe.

"Ana haja, Sheikh. Kwao mgeni mwenye haja hanywi mpaka mwenyeji amkubalie. Ukimwambia anywe, ushaapa."

"Haja gani?"

"Makaburi yasiguswe."

"Si umwambie anywe basi, Bi Kheiria. Nna kikao chengine mie."

Kheiria angeweza kukataa; mtu asimtetee. Lakini barua yake ya cheo ilikuwa mezani kwa Muatasim, inangoja sahihi.

"Kunywa, ammi," alimwambia mzee kwa Kiarabu. "Haja yako imekubaliwa."

Mzee Aws alimtazama usoni, yeye, si Muatasim. Akanywa. Wenzake nao wakanywa. Jioni Kheiria aliandika kumbukumbu za kikao: wenyeji wameshauriwa, hawana pingamizi.

Mwezi uliofuata makaburi yalifukuliwa. Mifupa ilitiwa kwenye masanduku ya plastiki yenye nambari, na Kheiria, mkuu mpya wa kitengo, akapanda milimani na Muatasim kuchukua sahihi za kuipokea.

Mzee Aws alitia sahihi sanduku la mama yake, kisha la kaka yake. La mwanawe alichelewa kidogo, na Kheiria akamshikia karatasi isipeperuke. Aliona aibu, lakini aliishika vizuri.

Kisha Hajar, mke wa mzee, akaleta dele la kahawa. Kwao mgeni hutiliwa kidogo, chini kabisa ya finjani, ili apate kuongezwa. Anayejaziwa anaambiwa anywe aondoke, asirudi tena. Muatasim alitiliwa kidogo. Yeye hakuahidi kitu. Finjani ya Kheiria, Hajar aliijaza mpaka ukingoni, ikamwagika, ikamuunguza vidole.

"Wakarimu hawa," alisema Muatasim. "Tena wewe wamekupenda zaidi."

Kheiria aliinywa yote, ingali moto. Muatasim akaongezwa mara mbili. Kheiria hakuongezwa.