Kadi za Mishale Nilizochoma Mimi

Uvumi wenyewe ulikuwa hivi: nyuma ya kanisa dogo, huku kwetu Makindye, Kampala, kuna mwalimu Mkenya anayefundisha watoto wa nasari, yaani chekechea, kutii amri bila kufikiri. Tena majina yao ameyapanga ukutani kwa vifuniko vya soda, kwa alama ambazo mzazi hawezi kuzisoma, ili watakaokuja kuwachukua wajue nani ni nani.

Niliusikia bombani kutoka kwa Abwola, mke wa sajenti, jirani yangu wa mlango wa tatu kwenye nyumba za askari. Nilicheka. Nikajaza jerikeni yangu nikaenda zangu. Lakini maji yalikuwa hayajachemka na uvumi ule ulikuwa umeshaingia ndani na kukaa. Mwanangu Atoo, wa miaka sita, alikuwa mmoja wa watoto hao.

Nawaandikia kina mama wenzangu. Mimi naitwa Acen. Nilisoma mpaka darasa la sita kule kaskazini, vita vikanitoa shuleni. Mume wangu Ocaya ni mwanajeshi, yuko kazini Somalia. Kompyuta nimeiona benki tu, tena mgongo wake.

Atoo ana kigugumizi. Si kile cha kukwama kidogo. Neno linamkaba mpaka machozi yanatoka. Nasari ya kwanza watoto walimwita Boda Mbovu, eti kama pikipiki inayopigwa teke lakini haiwaki. Nasari ya pili mwalimu aliniambia nimrudishe akishajua kuongea. Tangu hapo akawa hasemi na mtu yeyote isipokuwa mimi, na mimi mwenyewe ni kwa kuninong'oneza sikioni.

Ndipo nikampeleka kwa Mwalimu Valarie. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko kikubwa, alimfuata mumewe aliyekuja Kampala kibiashara. Aliniambia anafundisha watoto mambo ya kompyuta.

"Sasa kompyuta iko wapi?" nikamuuliza, maana chumba kilikuwa na mkeka, chaki na maboksi matupu ya sabuni.

"Leo kompyuta ni huyu," akasema, akimshika bega mtoto mmoja. Watoto wakaangua kicheko. Mimi sikuelewa, lakini niliona aibu kuuliza tena.

Mchezo wao ulikuwa hivi. Sakafuni wamechora miraba kwa chaki, na mraba mmoja una ndizi. Mtoto mmoja anapanga kadi walizokata kwenye yale maboksi, kila kadi ina mshale. Mwenzake ni roboti, anafuata kadi moja moja mpaka afike kwenye ndizi. Watoto walikuwa Waacholi, Walugbara, Waganda, Wakongo, kwa hiyo amri zilitolewa kwa Kiswahili, yale maneno ambayo mtoto wa kambini anayasikia kwenye gwaride tangu yuko mgongoni: mbele tembea, kulia geuka, simama.

Mchana ule wa uvumi, Atoo aliporudi, nikamuuliza wanafanya nini huko. Alifurahi! Alitoa kadi zake mfukoni akazipanga chini.

"Mama, wewe ni roboti."

Ningepaswa kushtuka hapo hapo. Maneno manne, hakukwama hata moja. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine.

"Mbele. Mbele. Kushoto geuka. Mbele."

Mbele kulikuwa na sigiri yangu ya mkaa, nikaikwepa. Akapiga mguu chini. "Hapana, mama! U-usifikirie. Roboti haifikirii!"

Nikakaa kitandani.

Mnisamehe nirudi nyuma kidogo. Kaka yangu Ojara alichukuliwa na waasi akiwa na miaka kumi na mmoja. Aliwekwa kwenye mstari na mzigo kichwani, akaambiwa asifikirie, afuate tu. Alirudi baada ya miaka minne na mpaka leo haketi akiupa mlango mgongo. Kwa hiyo mwanangu aliposema vile, sikumwona Atoo tena. Nilimwona Ojara.

Kesho yake asubuhi nilikwenda darasani na Abwola, wanawake wengine wanne, na mwenyekiti wa mtaa.

"Karibuni, mama zangu!" Valarie akasema. "Leo mmekuja kuwa roboti?"

Hakuna aliyecheka.

"Tumekuja kuona orodha yako," Abwola akasema, akionyesha vifuniko ukutani. "Hayo ni nini?"

"Ni herufi. Kifuniko kikilala chali ni ndiyo, kikilala kifudifudi ni hapana. Kompyuta inajua hayo mawili tu, dada yangu, ni mjinga kuliko mbuzi. Hii hapa ni herufi ya kwanza ya Atoo. Ngoja nikufundishe, dakika mbili tu."

"Mimi si mtoto wako."

Mwenyekiti akakohoa. "Tusigombane. Nani ana ushahidi?"

Nikamshika Atoo mkono nikamvuta katikati, juu ya ile miraba. "Mimi ninao. Atoo, sema. Waambie mwalimu aliwafundisha nini kuhusu roboti."

Alimtazama mwalimu, akanitazama mimi. Kisha akasimama wima, mikono ubavuni, kama mtoto anayekwenda kupewa zawadi.

"Roboti haifikirii. Inafuata tu amri."

Hakukwama. Mbele ya watu wazima wanane, mtoto ambaye hakuwahi kumjibu hata mwenye duka. Alivuta pumzi, alikuwa anataka kuendelea, mdomo uko wazi, lakini Abwola alikuwa ameshapiga kelele, "Mmesikia! Mmesikia wenyewe!"

Yaliyofuata ni yangu, simsingizii mtu. Pembeni kulikuwa na sigiri ya uji wa watoto. Niliteremsha sufuria. Nikakusanya kadi zote sakafuni, nikatia motoni kwa mikono yangu miwili. Abwola alibandua vifuniko ukutani, akavimwaga nje. Watoto walilia. Atoo hakulia. Alikuwa bado amesimama wima pale pale.

Valarie hakugombana nasi. Alisema kwa sauti ndogo, "Hamkumwacha amalize. Tunasema: na roboti ikipotea, kosa liko kwenye kadi, tunazisoma upya." Kisha akaniambia mimi peke yangu, "Mama Atoo, wiki tatu hizi anaongea hapa. Ulijua?"

Nilikuwa napuliza moto.

Wiki ile ile kanisa lilifunga chumba, na mwalimu akarudi kwao.

Baada ya siku kumi na nne Ojara alikuja kutusalimia kutoka kaskazini. Nilimwandalia chai, nikamweleza yote. Kusema kweli, nilingoja anishukuru. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Roboti akipotea njia, alipigwa nani?"

"Hakuna aliyepigwa. Eti wanarudi kwenye kadi, wanatafuta kosa la aliyeamuru."

Akaweka kikombe chini. "Kule tukipotea njia alipigwa aliyebeba mzigo. Mimi sikuwahi kuona mtu akiambiwa aangalie amri kama ina kosa. Hata mara moja." Akanigeukia. "Sasa dada, wewe ulichoma nini?"

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Atoo hasemi. Si kwamba anakwama, hajaribu kabisa. Hata sikioni kwangu haji tena. Hospitali walimwangalia koo, wakasema ni zima. Baba yake akipiga simu ninamwekea sikioni, anasikiliza, anainama, ananirudishia. Ocaya ananiuliza kama mtandao una shida. Namwambia ndiyo, una shida.

Kwa hesabu ya mtoto jambo ni jepesi. Siku aliyosema vizuri kuliko siku zote, mbele ya watu, kwa kuambiwa na mama yake, ndiyo siku darasa lake lilichomwa. Nani angesema tena?

Nilijaribu kurekebisha. Nilikata boksi la sabuni, nikachora mishale, mingine imepinda, nikachora miraba sakafuni. Nikasimama kwenye mraba wa kwanza, nikamwambia, "Roboti iko tayari. Niamuru." Atoo alizitazama zile kadi muda mrefu. Kisha akaziokota moja moja, akazilinganisha vizuri, akazipeleka kwenye sigiri na kuzitia motoni. Akageuka kunitazama usoni, kuona kama amefanya sawa.

Namba ya Valarie haipatikani. Abwola bado ananisalimia bombani, na mtoto wake yuko nasari nyingine, anaimba kila siku. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi ambao bado mna la kuokoa.

Mambo ya kuepuka:

Usipeleke shuleni neno la bombani kabla hujakaa mle darasani asubuhi nzima, kwenye mkeka, kimya.

Usiende na kundi. Ukitaka kurudi nyuma, kundi halitakuruhusu.

Usione aibu kuuliza mara ya pili kitu ambacho hukukielewa mara ya kwanza.

Usimfanye mtoto shahidi wa ugomvi wako.

Usimruhusu mtu kumkatiza mtoto, hasa yule ambaye kumaliza sentensi kwake ni kazi.

Usichukue yaliyokupata wewe ukamvika mwanao.

Usichome kitu cha mtoto akiwa anatazama. Wala akiwa hatazami.

Usimdanganye baba yake kwamba ni mtandao.